Tulivyomficha Ustaz Ladu

Nilimwahidi Ustaz Ladu, mwalimu wangu wa darasa la tatu, kwamba sitamcheka kamwe mwalimu anayejifunza mbele ya wanafunzi wake. Niliitoa ahadi hiyo nikiwa mtoto mwenye matope hadi magotini, na kama ahadi nyingi za watoto, niliitoa haraka kwa sababu aliyeitaka nilimpenda. Sikujua kwamba siku moja ningesimama katika chumba cha walimu, na shahada yangu ya ualimu, nikiuma mdomo ili nisiivunje.

Ilitokea juzijuzi. Shule ninayofundisha ililetewa tableti za kufundishia. Maboksi yalipofunguliwa, harufu ya plastiki mpya na ya lile povu jeupe linalozuia vitu kuvunjika safarini ilijaa chumba kizima. Mwalimu mmoja wa makamo aliichukua ya kwake, akaigeuza huku na huku akitafuta pa kuiwashia, kisha akaibonyeza kioo kwa kidole gumba kama mtu anayepima embe limeiva au bado. Vijana wenzangu waliangua kicheko. Mimi changu kilinifika kooni kikakwama hapo, kwa sababu harufu ile ilikuwa imekwisha kunichukua. Nilikuwa nimerudi Atlabara, mtaa wetu wa Juba, chini ya paa la mabati lililotoboka karibu na mlango, mbele ya redio ya bluu yenye mpini wa kuzungushwa kwa mkono.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Juba katika miaka ile ya mkataba wa amani, kabla hatujawa nchi, mtakumbuka jinsi mji ulivyokuwa ukijaa. Watu walirudi kutoka Khartoum, Kampala, Nairobi na kambi za wakimbizi, na kila familia ilirudi na godoro, masufuria, na lugha yake. Mimi nilitoka Kitale. Wazazi wangu walibaki kule kumalizia kazi zao, nami nikatangulizwa kwa bibi, mama mzazi wa baba, ambaye hakuwahi kuihama Juba vita vyote. Nilimwita Haboba, kama watoto wa Juba wanavyowaita bibi zao. Yeye na Ustaz walizungumza Kiarabu cha Juba, nami nililazimika kukijua upesi ili nipate chakula na habari. Maneno yao nayaandika hapa kwa Kiswahili, lakini nikifumba macho bado nayasikia kwa sauti zao za asili.

Ustaz Ladu alikuwa mrefu, na shati lake lilipigwa pasi ya makaa hadi mikunjo ikasimama. Mfuko wa kifuani ulikuwa na doa jeupe lisilofulika, kwa maana ndimo alimohifadhi chaki. Alikuwa amefundisha kwa Kiarabu maisha yake yote. Mwandiko wake wa Kiarabu ulikuwa mzuri kiasi kwamba hata sisi tusiojua kuusoma tuliona uchungu unapofutwa. Kisha amani ikaja, na ikaamriwa kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza. Ilikuwa kama kumwambia seremala kwamba kuanzia kesho achonge kwa mkono wa kushoto, na wateja wamekwisha kukaa wakimtazama.

Mwili wake haukuisikia amri ile kwa wepesi. Kila alipotaka kuandika Kiingereza, miguu ilimpeleka kwenye ncha ya kulia ya ubao, mahali ambapo Kiarabu huanzia. Akainua chaki, akakumbuka, akaishusha, akatembea urefu wote wa ubao hadi kushoto. Sisi tuliotoka Kenya na Uganda tuliisubiri safari ile na kuicheka. Siku moja nilimwigiza nyumbani, nikitumia ukuta wa jiko kama ubao. Haboba aliweka mwiko chini.

"Unamwona huyo unayemcheka?" aliniuliza. "Ndiye aliyemfundisha baba yako kusoma, mabomu yakianguka ng'ambo ya mto. Watoto wakilia, anawaimbisha. Wakinyamaza, anaendelea na somo. Ukimcheka tena, utakula nje pamoja na kuku."

Kuku wa Haboba walikuwa wakorofi. Sikumcheka tena, na baada ya muda nikagundua kwamba sikutamani hata kumcheka. Nilianza kumtazama kama mtu wa kwetu.

Redio ililetwa na mwalimu mkuu, Sitt Roda. Sitt ndiyo heshima tuliyowapa walimu wa kike, na kwa Sitt Roda neno lenyewe lilionekana dogo. Aliingia na boksi mikononi, akalifungua mbele yetu, na ile harufu ikatoka. Hatukuwa tumezoea kitu chochote kipya darasani. Madawati yalikuwa ya zamani, vitabu vilikuwa vya zamani, hata chaki ilinuka vumbi la stoo. Tuliinusa redio ile kabla ya kuisikia. Kisha Ustaz akazungusha mpini, mlio kama wa cherehani ukapanda, na sauti ya mwanamke ikatokea ikitusalimu kwa Kiingereza.

Tulimwita Madam. Kila asubuhi, baada ya gwaride, alitufundisha, akatuimbisha, akatuuliza maswali. Kilichotushika zaidi ni kwamba akishauliza, alinyamaza. Alikuwa akiuliza ng'ombe ana miguu mingapi, kisha redio inakuwa kimya, na katika ukimya ule tunasikia ndege ikishuka kuelekea uwanjani na mafuta ya mandazi yakichemka langoni kwa mama mmoja Mganda. Sisi tunapaza sauti kujibu. Naye, mara tu tunapomaliza, anasema kwa furaha isiyopungua, "Vizuri sana, watoto! Vizuri sana!"

Sijui nikueleze vipi utamu wa sifa ile. Nyumbani kwetu watoto hawakusifiwa ovyo. Haboba akiridhika nawe, alikuongezea mchuzi na kunyamaza. Hapa palikuwa na mwanamke asiyenijua, mwenye sauti laini, aliyesubiri jibu langu na kulifurahia. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeibeba sifa ile kwa tahadhari, kama mtu aliyetumwa mafuta ya taa na chupa isiyo na kizibo.

Sasa ni lazima niseme habari ya kitambaa. Haboba naye alikuwa na redio, ndogo na nyeusi, juu ya kigoda pembeni mwa kitanda. Alisikiliza habari na nyimbo za kanisani. Lakini kila alipotaka kuzungumza na mgeni jambo zito, alinyoosha mkono, akaifunika redio kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, akakikunja mara mbili, ndipo akashusha sauti na kusema. Leo naelewa. Miaka ya vita mji ulizingirwa, na neno moja lililoangukia sikio baya liliweza kumtoa mtu nyumbani kwake asirudi tena. Mkono wake ulikuwa umezoea kufunika chochote kilicho karibu kabla kinywa hakijafunguka. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa Kitale, na nilichokiona ni bibi mwenye akili timamu akiiziba redio masikio.

Jioni moja Ustaz Ladu alipita nyumbani, kama alivyozoea, kunywa karkade, kinywaji chekundu cha maua makavu. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya mlango nikichambua mchele. Haboba alimmiminia kinywaji, akaifunika redio, akasema, "Haya, sasa sema. Uso wako umebeba mzigo tangu langoni."

"Wamenipa mpaka mwisho wa muhula, mama Wani," alisema Ustaz. Wani ni baba yangu. "Atakuja mtu kutoka ofisini kunisikiliza nikifundisha. Nisipoweza Kiingereza, nitatolewa darasani, nipewe ufunguo wa stoo."

"Stoo? Wewe?"

"Stoo. Nichunge mafagio."

"Na hicho chombo walichowaletea? Hakikusaidii?"

Ustaz alicheka bila furaha. "Hicho ndicho kinachonitesa. Kinasema vizuri kuliko mimi, tena mbele ya watoto wangu."

Nilibaki na konzi ya mchele mkononi. Akilini mwangu mambo yote yalipangika mara moja. Redio husikia, ndiyo maana Haboba huifunika. Madam hutusikia, ndiyo maana hutusifu tukijibu. Basi humsikia na Ustaz akikosea, na anayapeleka makosa yake ofisini. Hapakuwa na shaka popote.

Kesho yake nilimweleza Nakato. Nakato, aliyesoma nami darasa moja, alikuwa binti wa mama mwingine Mganda, aliyeuza vitunguu soko la Custom, na sauti yake ilikuwa imenolewa kwa kuita wateja juu ya kelele za bodaboda. Tulizungumza Kiswahili, yeye cha kwao na mimi cha kwetu.

"Unasema ile redio iko na masikio?" aliniuliza.

"Fikiria mwenyewe. Tukijibu, anatusifu. Angejuaje?"

Alifikiri. "Kweli. Na mimi jana nilijibu na mandazi kwa mdomo, yeye akasema vizuri. Kumbe alisikia na mandazi?"

"Alisikia."

"Mama yangu!" Alijifunika kinywa, kisha akakifunua. "Sasa wewe hapana ogopa. Mimi iko na dawa. Pale Custom, jirani ya mama akitaja bei mbaya mbele ya mteja, mama anaanza kupiga kelele: vitunguu, vitunguu, vitunguu! Mteja hasikii ile bei. Ustaz akikosea, sisi tunapiga kelele. Madam anasikia sisi tu."

Sijawahi, tangu siku hiyo, kuhudhuria mkutano uliofikia uamuzi kwa haraka namna hiyo. Kufikia wakati wa mapumziko darasa zima lilikuwa limepewa habari kwa siri, na kila mmoja alielewa wajibu wake.

Ndivyo tulivyoanza kumficha Ustaz Ladu. Madam alikuwa akitamka sentensi, na Ustaz, ambaye alitakiwa kuirudia, alikuwa akivuta pumzi. Pumzi ile ndiyo ilikuwa ishara yetu. Kabla neno halijamtoka, darasa lilikuwa limelipuka. Tulijibu maswali ambayo hayajaulizwa. Tuliimba nyimbo za somo lililopita. Nakato alisimama juu ya benchi. Ustaz alituashiria tunyamaze, nasi tukanyamaza kwa adabu hadi pumzi iliyofuata. Tuliona midomo yake ikitembea kimyakimya nyuma ya sauti ya Madam, akijifunza, akiyameza maneno yale moja baada ya jingine, na tulifurahi kwamba tumempatia mahali pa kujifunzia bila kusikiwa. Nilijiona kama mtu anayekilinda kiota.

Hatukuuona uso wake. Au tuliuona, tukausoma vibaya. Siku zilivyopita aliacha kuvuta pumzi. Alizungusha mpini, akaiweka redio juu ya meza, akaenda kusimama dirishani akiwa ametupa mgongo. Doa la chaki mfukoni lilianza kufifia, kwa maana hakuandika tena kitu. Tulidhani amestarehe.

Kisha jioni moja Ustaz alikuja tena nyumbani. Safari hii Haboba alikuwa akisikiliza habari, na redio ilikuwa wazi.

"Nimekuja kukuaga kama mwalimu," alisema akiwa bado amesimama. "Kesho baada ya somo la redio nitamwona Sitt Roda. Nitamwambia ampe darasa yule kijana aliyesomea Uganda."

"Muhula haujaisha!"

"Kwa watoto umekwisha. Nikifungua kinywa, wanapiga kelele. Wote, mama Wani. Hata huyu wako. Si utundu, watundu nawajua. Wananyamaza akisema yule mwanamke, wanapiga kelele nikisema mimi. Wamechagua."

Niliruka kutoka nyuma ya mlango, nilikokuwa nikisikiliza tena. Nilitaka kusema kila kitu, lakini redio ilikuwa pale juu ya kigoda, wazi, ikizungumza, na ikizungumza maana yake iko macho. Nikiyataja makosa ya Ustaz mbele yake, nitakuwa nimeyapeleka ofisini kwa kinywa changu mwenyewe. Nilimshika mkono nikamvuta kuelekea nje.

"Ustaz, njoo. Njoo nje kidogo."

"Una nini wewe?" alifoka Haboba. "Wakubwa wanazungumza, unamvuta mtu kama mbuzi wa mahari?"

"Haboba, funika redio!"

"Nifunike nini? Ondoka hapa!"

Ustaz aliutoa mkono wake katika wangu, polepole, bila hasira. "Malesh," alisema, yaani basi, si neno. Akaenda zake. Nilikumbuka sauti aliyolisemea neno lile kwa muda mrefu kuliko maneno mengi makubwa niliyofundishwa baadaye chuoni.

Asubuhi yake mbingu zilikuwa nyeusi. Tulipotoka gwaride upepo ulikuwa umekwisha kuinua vumbi la Atlabara, na Ustaz alipozungusha mpini, mvua ikashuka. Mnaojua mvua ya Juba juu ya mabati mnajua kwamba hapo mazungumzo yote huisha. Maji yaliingia kwa mlango. Tulimwona Ustaz akiisogeza redio huku na huku, kisha akatuita kwa mkono tumzunguke. Tulibanana kichwa kwa kichwa, tukanuka unyevu na chaki, masikio yakikaribia kuigusa plastiki ya bluu. Hatukusikia somo. Hatukusikia swali. Ghafla mvua ikapungua kidogo, kama mtu anayebadilisha bega, na katika nafasi hiyo ndogo tukaisikia ile sauti yenye furaha: "Vizuri sana, watoto! Vizuri sana!"

Tulitazamana.

"Lakini sisi hatujasema," alisema Nakato.

Nilipandisha kidole midomoni, na wote wakaelewa. Tulisubiri. Madam aliuliza jambo kuhusu rangi ya majani. Akanyamaza. Sisi tukanyamaza pia, darasa zima, na matone yakidondoka katika ndoo iliyowekwa chini ya tundu la mlangoni. Kisha, kwa furaha ileile: "Vizuri sana!"

"Anasifu nani?" Nakato alipaza sauti. Machozi yalikuwa yamemjaa. "Anasifu nani huyu? Hakuna mtu alisema! Hata mandazi hakusikia!"

Nami niliumia. Sifa zote nilizozibeba nyumbani nilizikumbuka, na nikaona kwamba zingesemwa hata kama nisingezaliwa. Lakini maumivu hayo hayakupata nafasi ya kukaa, kwa sababu nyuma yake jambo jingine lilikuwa likija mbio. Kama hatusikii sisi, basi hamsikii na yeye.

"Ustaz!" nilipiga kelele juu ya mvua. "Ustaz, hasikii! Unaweza kusema! Sema tu, hasikii!"

"Nani hasikii?"

"Madam! Hawezi kukupeleka ofisini!"

Alituangalia kama mtu aliyeamshwa katika nyumba asiyoijua. Tukaanza kumweleza, wote kwa pamoja, kwa Kiarabu, kwa Kiswahili, kwa chochote kilichokuwa karibu na ulimi. Kitambaa cha Haboba. Vitunguu vya Custom. Ile pumzi yake. Niliona maelezo yakimwingia kidogokidogo, na mabega yake yakishuka. Alitafuta benchi kwa mkono bila kulitazama, akakaa.

"Mlikuwa mnanificha?" aliuliza.

"Ndiyo, Ustaz."

"Kelele zote zile?"

"Mimi ndiye ile kubwa," alisema Nakato.

Ustaz Ladu alijifunika uso kwa viganja vyote viwili. Tuliogopa kwamba analia, na labda alilia, lakini alipoufunua alikuwa akicheka, na uso mzima umepakaa chaki. Alicheka hadi akakohoa. Kisha akaizima redio, katikati ya wimbo, jambo ambalo hakuwahi kulithubutu.

"Basi na mimi niwaambie langu," alisema. "Mvua ya leo imeniokoa. Lile swali la majani mmelisikia? Mimi nililisikia na sikulielewa. Mpaka sasa silijui."

Hakuna aliyecheka. Tulimwambia swali lilikuwa linauliza nini. Akalirudia kwa Kiingereza, akakosea, tukamsahihisha, akalirudia tena. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake ikitembea ndani ya lugha ile bila sisi kuifukuza.

"Sikilizeni," alisema alipomaliza. "Huyu mama anajua Kiingereza, lakini hajui kama Nakato amejibu au amelala. Mimi namwona Nakato, lakini Kiingereza changu ni hiki mlichokisikia. Tutamwacha aseme, mimi nitasikiliza mnavyojibu. Na mimi nikikosea, mtainua mkono. Kwa adabu. Hakuna kusimama juu ya benchi."

Alituomba pale, mmoja mmoja, ile ahadi niliyoitaja mwanzoni. Hakwenda kwa Sitt Roda siku hiyo.

Kuanzia hapo somo la redio likawa kitu kingine. Ustaz alipunguza sauti kila ilipofika zamu ya sifa, akatusikiliza yeye. Aliyejibu vyema alitikisiwa kichwa kwa kukubali. Aliyekosea aliulizwa tena, na mara nyingine Madam alikuwa amekwisha kwenda mbali na swali lake jipya, nasi bado tuko kwenye lile la zamani, tukimsubiri mwenzetu. Redio haikujua kusubiri. Lakini sitamdhulumu Madam. Alirudia neno lile lile kila wiki bila kuchoka wala kuona aibu, na Ustaz alijifunza kwake matamshi ambayo hakuna mtu mwingine katika shule ile angeweza kumpa. Alifika mapema kuliko sote. Mara kadhaa nilimkuta peke yake, akizungusha mpini kutafuta matangazo ya Kiingereza, akirudia maneno ya wasomaji wa habari.

Mwisho wa muhula mtu wa ofisini alikuja. Alikuwa kijana mwenye viatu vinavyong'aa, akakaa benchi la nyuma, magoti yake yakikaribia kidevu. Alisikiliza somo la redio hadi likaisha, akaandika kidogo, kisha akasema kwa Kiingereza kwamba sasa redio izimwe, na mwalimu afundishe mwenyewe.

Ustaz alichukua chaki, akaenda kwenye ubao, na miguu yake, kwa hofu, ikampeleka kulia. Aliinua mkono. Akaushusha, akatembea taratibu hadi kushoto, na katika safari ile ndefu hapakusikika hata benchi lililolia. Aliandika sentensi. Akaitazama. Akatugeukia akauliza, kwa Kiingereza, kama iko sawa. Nakato aliinua mkono, akasema neno moja limepungua. Ustaz akamshukuru akaliongeza.

Kijana yule aliweka kalamu chini. "Unawaruhusu watoto wakusahihishe?"

Ustaz alichukua muda kulitafuta jibu, nasi tukamsubiri. Kwa Kiingereza chake kilichokwenda hatua kwa hatua, alisema, "Katika Kiarabu, mimi ni mzee. Katika Kiingereza, niko darasa la tatu, pamoja na hawa."

Kijana aliichukua tena kalamu yake. Kisha akamwambia aendelee na somo, na akabaki pale hadi kengele, ingawa nadhani magoti yalimuuma. Tulipofungua shule muhula uliofuata, Ustaz Ladu alikuwa mlangoni mwa darasa letu, na pasi ya makaa ilikuwa imefanya kazi yake.

Redio haikuishi sana baada ya hapo. Mpini ulivunjika, na mafundi wa Custom waliifungua redio, wakaitazama, wakairudisha wakisema kipuri chake hakiko Juba. Iliwekwa juu ya kabati, ikashika vumbi. Masomo hayakusimama. Ustaz aliuliza swali kwa mwinamo uleule wa sauti ya Madam, akanyamaza kama yeye, na katika ukimya ule sasa palikuwa na macho yaliyokuwa yakitutazama. Mwanafunzi aliyenufaika zaidi na redio ile alikuwa mwalimu wetu, na yeye hakuhitaji mpini.

Nimesoma mengi tangu wakati huo kuhusu vyombo vya kufundishia, na nimesikia wenzangu wakibishana kama vinafaa au ni anasa kwa shule ambazo paa zake zinavuja. Mimi nasema vinafaa, na sisemi kwa shingo upande. Bila redio ile Ustaz Ladu angepewa ufunguo wa stoo. Lakini pia nusura tumpoteze kwa sababu ya redio ileile, kwa kuwa iliwekwa mezani mbele ya watoto siku ileile ilipowekwa mbele yake, na hakuna mtu mzima aliyeona haja ya kumuuliza anajisikiaje, wala kutueleza sisi ile sauti ni nini.

Kwa hiyo nina ombi. Ikiwa uko katika kamati ya shule, au una mtoto anayesoma, au unafundisha chuoni, na chombo kipya kinaletwa, omba walimu wakipate kwanza. Wapewe muhula mzima wa kukosea nacho bila kutazamwa. Kisha kikiingia darasani, tenga asubuhi moja, ukakae benchi la nyuma, usikilize nani anamjibu mtoto. Tafadhali usitume mtu. Nenda mwenyewe.